Ugonjwa Usiohisiwa

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, kila moja ndogo kama punje ya dengu, nazo hukaa shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi. Hutoa homoni inayosimamia kiwango cha kalsiamu katika damu. Zikizidisha kazi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe usio wa saratani katika mojawapo, kalsiamu huchotwa mifupani na kujaa damuni. Zamani hakuna aliyeuliza kama mwenye hali hiyo ni mgonjwa. Albert Jahne, kondakta wa tramu mjini Vienna aliyepasuliwa na Felix Mandl mwaka 1925, alikuwa ameteswa na maumivu ya mifupa na kuvunjika paja. Uvimbe ulipoondolewa alipata nafuu kubwa, ingawa baada ya miaka kadhaa maradhi yalimrudia.

Shaka iliingia miaka ya 1970, mashine za maabara zilipoanza kupima kalsiamu pamoja na vipimo vingine vya kawaida vya damu. Huko Rochester, Minnesota, idadi ya waliogunduliwa ilipanda ghafla baada ya kipimo hicho kuzoeleka mwaka 1974. Wengi walikuwa wamekwenda kutibiwa jambo jingine kabisa. Je, mtu anayekula, kulala na kufanya kazi zake bila taabu aitwe mgonjwa kwa sababu ya tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara?

Georges Canguilhem, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyesomea pia udaktari, alishika upande mmoja katika tasnifu yake ya mwaka 1943. Kwake, tiba ipo kwa sababu kwanza wapo watu wanaojiona wanaumwa. Maabara huja nyuma yao. Mmarekani Christopher Boorse alishika upande wa pili mwaka 1977: ugonjwa ni kiungo kushindwa kufanya kazi yake kama ilivyo kawaida ya viumbe wa aina hiyo, mwenyewe ahisi asihisi. Kwa kipimo cha Boorse, tezi iliyopitiliza ni ugonjwa tayari. Lakini, na hili husahauliwa mno, Boorse alitenganisha kuwa na ugonjwa na kustahili kutibiwa. La kwanza ni suala la maelezo, la pili ni la uamuzi.

Uamuzi huo ndio uliopelekwa kwenye utafiti. Kati ya mwaka 1998 na 2005, madaktari wa Sweden, Norway na Denmark waliandikisha watu 191 wenye hali hiyo kwa kiwango cha chini na wasio na dalili za wazi. Kura ndiyo iliyoamua nani apasuliwe na nani aachwe akifuatiliwa. Kuiachia kura iamue juu ya shingo ya mtu ni jambo zito, na wapo wanaoliona kuwa ni daktari kukwepa wajibu. Benjamin Freedman alitoa jibu lenye nguvu mwaka 1987: kura ni halali pale ambapo jumuiya ya wataalamu kwa ujumla haijakubaliana kwa dhati ni tiba ipi bora, hata kama daktari mmoja mmoja ana upande anaouelemea. Mgonjwa akielezwa hivyo na kuridhia, hakuna anachonyimwa ambacho mtu yeyote anakijua. Kinyume chake, daktari anayepasua kwa mazoea tu huwafanyia wagonjwa majaribio yasiyo na kumbukumbu.

Matokeo ya miaka 10 yalitolewa mwaka 2022. Vifo havikutofautiana kati ya makundi mawili, wala maradhi ya moyo, saratani, mawe ya figo au kuvunjika mifupa. Hata hivyo, vipimo vya awali vilikuwa vimeonyesha mifupa ya waliopasuliwa ikiongezeka msongamano. Kwa hiyo uharibifu wa kimya ulikuwepo, kama Boorse angetarajia, ila haukuwa umeyagusa maisha ambayo Canguilhem aliyaweka mbele. Watu 191 ni wachache, na miaka 10 ni michache kwa aliyegunduliwa akiwa na miaka 50.

Utafiti mwingine, wa wagonjwa 3,883 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine baada ya figo kufeli, na ambao homoni yao ya parathairoidi ilikuwa imepanda, uliikaribia hoja ya tarakimu za maabara kwa njia nyingine. Dawa ya sinakalseti hushusha homoni hiyo vizuri. Lakini matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa vifo na matukio makubwa ya moyo na mishipa viliwapata asilimia 48.2 ya waliopangiwa dawa, na asilimia 49.2 ya waliopangiwa vidonge visivyo na dawa. Tofauti ndogo mno kuthibitisha faida. Tarakimu ilitibiwa, mwenye tarakimu hakuonekana kunufaika kwa kiasi hicho.

Miongozo ya kimataifa kuhusu wasio na dalili imechukua njia ya kati. Upasuaji hupendekezwa kwa walio chini ya miaka 50, wenye mifupa iliyodhoofika, wenye mawe ya figo, au wenye kalsiamu iliyovuka mpaka wa kawaida kwa zaidi ya miligramu 1 katika desilita ya damu. Wengine wanaweza kuchagua kufuatiliwa, wakipimwa damu kila mwaka na mifupa kila mwaka mmoja au miwili.