Dirisha la Mgonjwa

Mchora ramani huikagua wodi akiwa amesimama. Mgonjwa huiona akiwa amelala chali. Katika tofauti hiyo ndogo ndimo lilimo swali linalonisumbua: je, anayemlaza mgonjwa ana wajibu juu ya kile ambacho macho yake yatakitazama kutwa kucha, au wajibu wake unakomea kwenye sindano na vidonge?

Wapo watakaosema hilo ni swali la watu walioshiba. Dawa hazitoshi, shuka hazitoshi, nawe unazungumzia dirisha! Hoja hiyo naiheshimu, lakini sikubaliani nayo. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya 1972 na 1981. Aliwapanga wawili wawili wanaolingana. Mmoja dirisha lake lilielekea miti, mwenzake ukuta wa matofali. Wa miti walilazwa wastani wa siku 7.96 baada ya kupasuliwa. Wa ukuta siku 8.70, nao walihitaji zaidi dawa kali za maumivu. Watu 46 ni wachache, wala sitaki kuujengea utafiti huo mnara. Ila tazama: dawa ilikuwapo kwa wote, na aliyekosa miti ndiye aliyeitumia zaidi. Basi dirisha halikuja kuinyang'anya dawa fungu lake.

Alvar Aalto wa Ufini alilitambua jambo hili mapema. Hospitali yake ya kifua kikuu huko Paimio ilifunguliwa mwaka 1933, wakati ugonjwa huo ulikuwa bado haujapata dawa. Dari aliipaka rangi ya kijani iliyopoa, kwa kuwa dari ndiyo mandhari ya mtu aliyelala. Hata beseni la kunawia alilibuni ili maji yasipige kelele na kumwamsha jirani. Huo kwangu ni uungwana, sio urembo.

Nao si uungwana wa Ulaya tu. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali ya wilaya ilifunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa vijijini. Vitanda vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi katikati ya wodi, hivyo kila mgonjwa ameelekea dirishani. Wanaosubiri hukaa kwenye baraza zenye upepo, wasiambukizane kifua kikuu ndani. Kitanda hakina bei zaidi kwa kuwa kimegeuzwa.

Chumba cha peke yako ni habari nyingine. Kweli kinapunguza maambukizo. Lakini katika wodi zetu jirani wa kitanda ndiye amwitaye nesi usiku wa manane, ndiye akusogezeaye uji mkono usipofika. Sijui ni mchora ramani gani atakayeweza kuchora hilo.

Na pale ambapo wodi imekwishajengwa na madirisha ni machache, nani alazwe penye dirisha? Aghalabu hupata aliyewahi, au mwenye ndugu anayejuana na mtu. Mimi ningempa asiyeweza kusimama. Mwenye miguu yake aweza kujikongoja hadi barazani akaiona miti.