Meza Tu

Mwezi uliopita shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari na presha wa miaka mingi, alibadilishiwa dawa katika hospitali moja hapa Mombasa. Akauliza: hiki kidonge kipya ni cha nini, na kile cha zamani kimekosa nini? Akajibiwa, "Mama, wewe meza tu. Hata nikikueleza hutaelewa." Yeye hakubishana. Nimebishana mimi tangu siku hiyo, na kinachonichoma ni wingi wa watu, tena wenye elimu zao, wanaomtetea daktari yule.

Maana ya kumshirikisha mgonjwa haina utata: aambiwe anaumwa nini, aelezwe njia zilizopo na hatari za kila njia, kisha aamue. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu afanye hivyo, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Waliotunga sheria walijua wapo wasiosoma, wakaona hiyo ni sababu ya kueleza kwa uangalifu zaidi. Daktari yule aliona ni sababu ya kunyamaza.

Wanaosema foleni ni ndefu na daktari ni mmoja, wanasema kweli. Wapo pia wagonjwa wasiotaka kujua, na waheshimiwe. Nisiyoivumilia ni hoja hii ya "hutaelewa".

Kwanza, ni dai linalojilinda lenyewe: madhali mgonjwa haelezwi, haitajulikana kamwe kama angeelewa. Pili, limewahi kutumika, na tuliona lilikotupeleka. Mwaka 2001, Andrew Natsios, mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alipinga mpango wa kusambaza dawa za Ukimwi Afrika kwa wingi. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba Waafrika wengi hawajui kufuata saa. Mwaka huohuo, katika kitongoji cha Khayelitsha huko Cape Town, Afrika Kusini, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuwapa wagonjwa dawa hizohizo. Wanaharakati wa TAC, kampeni ya kudai matibabu ya Ukimwi iliyoanzishwa huko 1998, walikuwa wakifundishana virusi hufanya nini mwilini, kinga hupimwaje, na dawa ipi ina madhara gani. Mwaka 2002 wakaishinda serikali yao katika Mahakama ya Katiba, juu ya nevirapine, dawa ya kuwakinga watoto wachanga na virusi vya mama zao, iliyokuwa ikitolewa katika vituo vichache tu. Watu hao hawakusubiri kuelewa ndipo waelezwe.

Tatu, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi, mimi siamini kwamba elimu ndiyo sababu yenyewe. Nadine Montgomery wa Uskoti alikuwa na shahada ya sayansi na alifanya kazi katika kampuni ya dawa. Alikuwa mfupi wa kimo, mjamzito, na ana kisukari, kwa hiyo uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari wake hakumwambia. Mabega yalikwama, na mtoto akapata mtindio wa ubongo. Daktari alieleza kwamba wajawazito wenye kisukari wakitajiwa hatari hiyo, wote wataomba upasuaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa mama huyo haki. Basi yule msomi alinyimwa habari kwa sababu angeelewa, kisha angeamua wasivyotaka. Nani atanishawishi kwamba shangazi yangu alinyimwa kwa sababu nyingine?

Na hilo dai la Natsios kuhusu saa bado linanikera. Sisi watu wa pwani tunahesabu saa tangu jua lichomoze, na adhana tano zinaigawa siku hata kwa asiyevaa saa mkononi. Shangazi ameandikiwa kidonge kimoja kutwa mara tatu. Ramadhani ikiingia, kutwa hiyo anaipangaje kati ya daku na futari? Anajua mikono huanza kumtetemeka baada ya alasiri, na anajua siku ipi afungue. Hayo hayamo kwenye faili lake, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilimweleza kwamba sheria iko upande wake, kwamba uamuzi ni wake. Akanijibu: "Mwanangu, mimi nataka kujua. Kuamua, aamue kaka yako mkubwa." Yaani mwanawe wa kwanza. Hapo nikakwama. Je, kukabidhi uamuzi nako ni kuamua? Au ni mazoea ya mwanamke ambaye maisha yake yote yamepangwa na wengine? Nikimlazimisha aamue mwenyewe, nitakuwa nimemwekea meza-tu ya kwangu. Nikimwacha, mwanawe huyo ndiye wa kwanza kumwambia asiwasumbue madaktari kwa maswali.