Meza Moja, Vyungu Mbalimbali
Mwaka 2020, UNESCO iliuingiza utamaduni wa wachuuzi wa vyakula wa Singapore katika orodha ya urithi usioshikika. Katika kumbi zao marafiki huketi meza moja, lakini kila mmoja hununua kwenye kibanda chake: Mwislamu huchukua wali wa nazi wa halali, Mhindu huepuka nyama ya ng'ombe, na wapo Wabudha wasiokula nyama kabisa. Hata sinia za halali zina rafu zake za kurudishia. Je, ushirika usio na chungu kimoja ni pungufu? La hasha! Anayeuheshimu mwiko wa mwenzake bila kumshurutisha aonje, humkirimu kuliko anayempa tonge. Ugumu hubaki nyumbani, ambako jiko ni moja na mwenyeji ndiye anayeamua kitakachopikwa.