Heshima ya Msichana Mwenye Ilimu ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu yale asiyoyajua; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Msichana akifaulu mtihani, akapewa ufadhili wa kusoma pasipo kulipa, watu humfanyia karamu, wakamtunza khanga na kumpigia vigelegele. Hili ni jambo jema. Walakini ipo mas'ala ndani yake: heshima hiyo je, ni zawadi aitumie apendavyo, au ni amana aliyotwikwa? Na hao waliomheshimu, deni lao limekwisha siku ya karamu?

Mji wa Tabora wafaa kuwa mfano. Ipo huko shule ya sekondari ya wasichana ya Serikali. Tena katika mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa ufadhili uitwao Samia Scholarship, kwa vijana wa kike na wa kiume waliofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita, wapate kusoma sayansi, uhandisi na utabibu katika vyuo vikuu. Huo si mkopo wa kurudishwa. Ni mali ya umma, na ndani yake mna jasho la mkulima wa tumbaku na la mrina asali.

Basi na ikumbukwe njia ya kale. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Tabora, kisha ikaendelea hata Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, miezi kwa miezi. Pembe ile aliyoichukua begani haikuwa yake. Heshima yake ilikuwa kuifikisha. Na mbele ya wote alitangulia kirangozi, ambaye alitakiwa aijue njia na maji yalipo, naye pia alikuwa na mzigo wake. Huo ndio uongozi: kujua njia, kutangulia, na kutokuutua mzigo.

Wala isisahauliwe ya kuwa njia hiyo hiyo walipita watumwa waliofungwa minyororo, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Mahali alipopita mwanamke akikokotwa, leo binti apita kwa miguu yake, na kitabu mkononi. Mwenye kuijua neema hii hataithubutu kuichezea.

Iwapo mtu atasema, "Asome, lakini kuongoza si kazi yake," atajibiwa kwa khabari za waliotangulia. Karima al-Marwaziyya, aliyekufa Makka mwaka 463 wa Hijria, alisomesha Sahihi ya Bukhari, na miongoni mwa waliosoma kwake ni al-Khatib al-Baghdadi. Bibi Nafisa wa Misri, Imamu Shafi alikuwa akimzuru; na alipokufa Imamu mwaka 204, wasimulizi wanasema jeneza lake lilipelekwa nyumbani kwa bibi huyo, akamsalia. Je, wanaojinasibu na madhehebu ya Imamu huyu wataona haya kuketi na kusikiliza jambo ambalo binti yao analijua kuliko wao?

Tena katika madhehebu hayo mwanamke huwasalisha wanawake wenzake, naye husimama katikati ya safu yao. Katika jambo hilo mna adabu kubwa kwa msichana aliyesoma. Asidhani kuwa ilimu imemtoa safuni. Akirudi kwao asimcheke mama yake asiyejua kusoma, kwani huenda mama huyo ndiye aliyekesha ili yeye alale. Kibri huila ilimu kama mchwa alavyo boriti: kwa nje huonekana nzima, na ndani ni vumbi.

Na wazee nao wana wajibu. Kumheshimu binti kwa pilau, kisha kumnyamazisha penye shauri, ni kumtwika mtu mzigo na kumzibia njia. Akiwa tabibu, na aulizwe juu ya afya ya wazazi wa kike na watoto. Akiwa mhandisi, na aulizwe juu ya kisima kabla hakijachimbwa. Kamati ya shule na ya madrasa na impe kiti, si cha kupambia mkutano, bali cha kusema na kusikiwa. Asipotakwa rai yake, amana itamkalia moyoni bila ya kufika, na katika dhambi hiyo wazee watakuwa na fungu lao.

Kwa hiyo jawabu la mas'ala ni hili: heshima ile ni amana ya pande mbili. Msichana adaiwa kuifikisha, na watu wadaiwa kumwachia njia. Karamu ni siku moja. Safari ni umri mzima.

Mwenyezi Mungu awape mabinti hawa ilimu yenye manufaa na nyoyo zenye unyenyekevu, na awape wazee wao masikio ya kusikia. Amin. Wallahu aalam.