Dhati ya Kiumbe Kihitaji

Miongoni mwa viumbe ambavyo wanazuoni wamejitaabisha kuvipangia jamaa zao, sidhani kama viko vilivyoitikisa fikra yenyewe ya upangaji kuliko kuvu ziishizo katika mizizi ya mimea, zikiitafutia fosforasi ardhini nazo zikilipwa sukari. Mjerumani A. B. Frank aliupa ushirika huo jina la maikoriza mwaka 1885. Lakini kundi la kale zaidi la kuvu hizo, liingialo hata ndani ya seli za mzizi, na ambalo alama zake zimo katika mawe ya Rhynie, Uskochi, yenye umri upatao miaka milioni 400, lilipangwa kwa muda mrefu kwa kutazama umbo la spora tu. Mwaka 1997 ikadhihirika ya kwamba Acaulospora gerdemannii na Glomus leptotichum, zilizowekwa katika jenasi mbili mbalimbali, ni kuvu moja itoayo spora za namna mbili. Mwaka 2001 Schüßler, Schwarzott na Walker, kwa ushahidi wa jeni, wakalipandisha kundi zima kuwa faila. Mwaka 2016 wengine wakalishusha.

Wako watakaosema kwamba majina, basi, ni dhana za wanadamu tu. Siafiki kabisa. Spora zile zilikuwa za kuvu moja kabla hajazaliwa mtu wa kuzitazama, na lau kama isingekuwapo hakika ya mambo, kosa lile lisingeweza kugunduliwa.

Kilicho dhaifu ni itikadi tuliyorithi tangu Aristotle, ya kwamba uhusiano ni sifa ya pembeni, iwezayo kuondoka na kitu kikabaki kilivyo. Kuvu hii ukiinyima mzizi, spora yake huchipua, hutambaa kidogo kwa akiba iliyo nayo, kisha husita. Mwaka 2017 ilithibitishwa kuwa hupewa mafuta na mmea, kwa kuwa jeni za kuyaunda tangu mwanzo haina. Uhitaji wake, basi, umo katika dhati yake. Wanazuoni wa kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, walikwisha kufundisha kwamba kujitosheleza ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba kila kiumbe ni muhitaji kwa asili yake, si kwa bahati mbaya. Nami naona wenye kuainisha wangefaa kuuhesabu uhitaji huo katika ufafanuzi, wala si katika maelezo ya makazi. Hata hivyo uhitaji huo hauna mwenzi mmoja maalumu: kuvu ile ile huweza kukaa katika mzizi wa muhindi na wa kunde pia, hivyo kitakachoandikwa ni mzizi ulio hai, bila kutaja wa nani.