Alama ya Wazee, Mkono wa Mkubwa

Pesa inasema sisi ni nani, ao inasema nani anatutawala?

Zamani, Efeso ilipokuwa chini ya Roma, mji ule uliendelea kupiga sarafu zake za shaba. Ku upande mmoja kulikuwa kichwa cha Kaisari. Ku upande wa pili, mara nyingi, Artemi, mungu mke wa mji. Waefeso walishika heshima yao mkononi, lakini kodi ilikwenda Roma.

Kwetu Katanga pesa ya wazee haikuwa na sura ya mtu. Ilikuwa msalaba wa shaba. Makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yalichimbwa mwaka 1957 na 1958, na misalaba ile ikakutwa pamoja na wafu. Ya zamani zaidi ni mikubwa na michache, imelazwa ku kifua. Ya nyuma ni midogo, mingi, ya kipimo karibu kimoja. Ndivyo kitu cha heshima kilivyogeuka pesa. Nayo ilitembea mbali: misalaba ya shaba imekutwa hata Ingombe Ilede, katika Zambia ya leo.

Mwaka 1887 zikaja sarafu za Leopold II, za feza zikiwa na kichwa chake. Hapo hakuna aliyedanganyika: mwenye kichwa ndiye mwenye nchi.

Lakini mwaka 1961 Katanga iliyojitenga ilitoa sarafu za franka 1 na 5: huku ndizi, huku msalaba wa shaba. Hapa ndipo neno linakuwa gumu. Wengine walifurahi juu ya alama ya wazee kurudi. Lakini serikali ile ilikula kodi ya Union Minière, na msalaba uliovuka mito na lugha ukawekwa kazini kuchora mpaka.

Basi alama ya kwetu peke yake haitoshi. Tuulize tena: inakaribisha nani, inafukuza nani, na faida inakwenda wapi? Jimbo lililoona ndugu wa Kasai wakifukuzwa mwaka 1992 na 1993 haliwezi kufanya swali hili mchezo.

Tuwafundishe watoto wetu msalaba wa shaba, ndiyo. Lakini tuwaambie vilevile kwamba wazee waliufua ili upite mkono kwa mkono, hata ku mkono wa mgeni.