Amri ya Tano na Simu Njiani



Nikiuliza katika mafundisho, "Nani huvunja Amri ya tano ya Mungu?" hujibiwa mara moja: "Mwenye kuua kwa panga, na mwenye kuua kwa sumu." Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Sikilizeni jambo lililotokea karibu na shule yetu.

Ilikuwa saa sita mchana. Watoto wa darasa la pili walikuwa wakirudi nyumbani kando ya barabara. Kijana mmoja akaja na pikipiki, amempakia mama mwenye mzigo wa unga. Kijana huyo alikuwa katekumeni kama ninyi, aliyekuwa akijitayarisha kubatizwa siku ya Pasaka. Simu yake ikalia. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akasoma ujumbe, akaanza kuandika jibu kwa kidole gumba. Alipoinua macho, mtoto alikuwa amekwisha kuanguka chini ya gurudumu. Ujumbe ule ulikuwa na maneno mawili tu: "Utafika lini?"

Mtoto hakufa, Mungu asifiwe. Lakini mguu wake ulivunjika, na hata leo huchechemea akiingia darasani kwangu.

Jioni ile kijana alinijia akilia, akasema: "Mwalimu, sikutaka kumwumiza mtu. Je, nina dhambi?" Ninyi mngemjibu nini?

Tutafute jibu katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chataja ng'ombe dume apigaye watu pembe. Akiua mtu naye hakujulikana kuwa mkali, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, basi damu ya aliyekufa iko juu yake. Mtu huyo hakumchukia jirani, wala hakushika mkuki. Aliijua hatari, akaiacha itembee.

Pikipiki na gari ni kama ng'ombe huyo, nasi tumekwisha kuonywa. Fanyeni hesabu. Pikipiki yenye mwendo wa kilometa 40 kwa saa hupita meta 11 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde 5 tu, amepita meta 55, yaani zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira, kama kipofu. Nani kati yenu angefumba macho akimbie hivyo katikati ya watoto?

Kanisa Mama yetu lafundisha vivyo hivyo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2290, yasema kwamba wenye kuhatarisha maisha yao na ya wengine barabarani, kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi, wana hatia nzito. Tena mwaka 2007 Roma ilitoa amri kumi za madereva, na ya kwanza ni hiyo hiyo ya kutoua.

Mmejifunza kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu: jambo zito, kujua vema, na kukubali kwa hiari. Kijana yule hakutaka kuvunja mguu wa mtoto. Lakini alitaka kuitazama simu, naye alijua kuwa ana watoto mbele yake na mama nyuma yake. Kipimo cha hatia yake Mungu peke yake akijua. Lakini sikuweza kumwambia, "Huna kosa." Nilimwambia: "Utubu, kisha ulipe. Ubatizo huondoa dhambi zote, lakini hauondoi deni la haki tulilo nalo kwa jirani."

Akaenda kwa baba wa mtoto, akaomba msamaha, akasaidia kulipa dawa. Mtoto alipoanza kusimama, alimleta shuleni kila siku kwa pikipiki bila malipo, na simu ameizima mfukoni. Padri alimbatiza Pasaka iliyofuata.

Labda wewe huna pikipiki wala gari. Usidhani fundisho hili si lako. Ukiwa umepakiwa na dereva akashika simu, usinyamaze. Mwambie kwa upole: "Ndugu, simama kwanza, usome, kisha twende." Na wewe mama, wewe mfanyabiashara, mumeo au dereva wako asipojibu, usimpigie mara kumi. Subiri afike.

Maswali ya kujibu

1. Je, mtu aweza kuvunja Amri ya tano bila kumchukia mtu yeyote?
2. Mwenye ng'ombe mkali alikosa nini?
3. Baada ya kutubu, aliyemwumiza jirani amebakiwa na wajibu gani?

Kusudi la juma hili

Sitashika simu nikiendesha. Simu ikilia, nitasimama kando ya barabara, au nitaiacha mpaka nifike.